Wasifu Wangu Umeniletea Hema

Leo nimeaibika. Nimeaibika na hema, na viti vya plastiki, na ile sufuria kubwa ya kanisa ambayo hutolewa tu mtu akiolewa au akifa. (Sijaolewa.)

Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Kapsoit, maana wameshaanza kuongeza chumvi. Kuna mmoja anasema nilitoka ndani ya jeneza. Uongo! Jeneza lilikuwa bado linajadiliwa.

Kwa wasionijua vizuri: nina saiba hapa Kapsoit. Napiga chapa, natoa fotokopi, nawajazia watu mambo ya serikali mtandaoni. Hiyo ni kazi ya tumbo. Kazi ya moyo ni hadithi. Naandika visa vya kambi za chai nilikozaliwa, baba akiwa mtu wa boila kiwandani na mama mchuma chai. Visa hivyo naviweka kwenye tovuti ya rafiki yangu Wanjiru, ambaye ana duka la vitambaa Kericho mjini na ana wazimu wa kusoma kama mimi. Wasomaji wangu mpaka jana walikuwa Wanjiru, mimi, na mtu fulani wa ng'ambo ambaye nadhani alikuwa amepotea.

Sasa Wanjiru anataka kuanzisha safu ya kila wiki. Nafasi ni moja. Tulikuwa tunaipigania wawili, mimi na mwalimu mmoja wa Ndanai ambaye hata kwa picha amevaa tai. Na mimi hiyo nafasi niliitaka, msidanganyike. Nimechoka kuitwa madam wa fotokopi. Nilitaka siku moja mtu wa hapa aniite mwandishi, hata kama ni kwa bahati mbaya.

Jana Wanjiru akanipigia.

"Atis, hadithi zako ni poa, lakini hakuna mtu anazifungua. Watu hawafungui hadithi, wanafungua mtu. Weka wasifu wako hapo juu. Fupi, tamu, yenye inavuta. Mwenye ataleta watu wengi kesho, safu ni yake."

"Niandike nini?"

"Ngai, si uandike wewe ni nani! Kwani hujijui?"

Leo asubuhi nikafungua saiba mapema, nikaketi nijiandike. Jamani, jaribuni. Nikaandika, "Atieno ni mwandishi anayependa kusoma na kusafiri." Nikajiuliza nimesafiri wapi. Kisumu na Nakuru, na kote nilikuwa nasindikiza mgonjwa. Nikafuta. Nikaandika, "Atieno ana ndoto kubwa." Nikafuta hiyo haraka, ilikuwa inanuka hotuba ya mgombea wa kiti. Nikaenda kuona wasifu wa mwalimu wa Ndanai. Umejaa vyeti. Nikakasirika, nikanywa chai.

Ndipo akaja mteja kuchukua programu ya mazishi ya babu yake. Akasimama pale pale kaunta kusoma historia ya marehemu niliyomwandikia, na machozi yakamtoka. "Umemweka vile alikuwa," akaniambia. Babu mwenyewe sikuwahi kumwona! Niliambiwa tu alizaliwa wapi na alipenda ng'ombe.

Akili ikaniwaka. Atieno, wewe ndiye mwandishi wa wasifu nambari moja kuanzia hapa hadi Chepseon! Nani hapa amezikwa bila mimi? Familia huja na vipande vitatu, kuzaliwa, shule, watoto, mimi naviunga mpaka waombolezaji wanashikana mikono. Kama kuna maandishi yanayosomwa na watu wote bila kuruka mstari katika nchi hii yetu, ni historia ya marehemu. Hakuna anayesinzia.

Nikafungua ile programu ya babu. Nikamtoa babu, nikajiweka mimi.

Nisisitize kwamba nilikuwa makini. Nilifuta neno "marehemu" kila mahali. Nilifuta aya ya Biblia. Nilibadilisha picha. Lakini ule urembo wa maua pembeni ulikuwa mzuri, nikauacha. Picha ikaingia yenyewe kwenye lile duara, bila rangi, nikaona inanipa heshima. Mshumaa wa kona nao nikauacha, ulikuwa unajaza nafasi.

Na haya ndiyo niliyoandika. Yasomeni polepole, mimi siwezi tena.

"Safari ya maisha ya Millicent Atieno ilianzia katika kambi ya chai, akiwa kifungua mimba wa mama yake, ambaye alimbeba mgongoni akichuma chai kwa baridi na mvua ya mawe. Alisoma kwa shida lakini kwa bidii. Alikuwa mpole, mchangamfu kwa wateja, na mshirika mwaminifu wa kanisa. Kalamu yake haikupumzika hata mgongo ulipomsumbua. Leo tunasherehekea maisha ya mwandishi huyu. Ameacha mama, ndugu wawili, saiba moja, na hadithi nyingi zitakazoendelea kuishi katika tovuti hii. Waliomfahamu na wasiomfahamu, wote mnakaribishwa."

(Ninyi mnaoniuliza kwa nini niliweka "ameacha": nimeandika haya mambo miaka na miaka. Wasifu usio na "ameacha" mimi nauona haujaisha.)

Nilipomaliza kusoma nililia. Kweli, nililia! Nikasema, ikiwa mimi mwenyewe ninalia, mwalimu na tai yake waende nyumbani. Wanjiru alikuwa ameshanipa nywila, kwa hiyo nikapandisha wasifu mwenyewe. Kisha nikausambaza kwenye makundi ya simu. Kundi la kanisa. Kundi la tuliokulia kambini. Kundi la wafanyabiashara wa Kapsoit. Kundi la wanafunzi wenzangu wa zamani, ambalo tangu lianzishwe watu huzungumza tu mtu akifa. Hapo juu nikaandika, "Tafadhali sambazeni kwa wote."

Stima ikapotea hapo hapo. Simu nayo ilikuwa imebaki na moto kidogo, ikazima. Na wino wa mashine ulikuwa umekwisha tangu juzi. Nikaona siku imekufa (samahani), heri niende Kericho mjini kununua wino. Nikateremsha mlango wa bati, nikapiga kufuli, nikaenda zangu nikiimba.

Sasa fikirieni mtu wa Kapsoit anasoma yale maneno kwenye simu. Anapiga namba yangu, haipatikani. Anatoka kuangalia saiba, ambayo haijawahi kufungwa siku ya kazi. Kufuli. Angefikiri nini? Hata mimi ningechanga.

Nilirudi mchana ulipokuwa umeanza kuinama, na ile mvua yetu ya kila siku ikininyeshea. Nilikuwa nimejifunika leso kichwani mpaka puani, ncha zake zikifunika wino kifuani usilowe. Nikiwa bado mbali nikaona hema jeupe nje ya ploti yetu, pale ninapoishi nyuma ya saiba. Chini ya hema watu wamekaa, kwaya ya kanisa na wote. Moshi unatoka nyuma.

Jambo la kwanza lililonijia moyoni, Mungu anisamehe, ni kwamba nimepata kazi. Programu hiyo ni yangu, nikasema. Nikaanza hata kuchagua aina ya maandishi. Nilidhani ni Mzee Rono, jirani yangu, maana amekohoa mwezi mzima. Halafu nikamwona Mzee Rono mwenyewe amesimama katikati ya hema akipanga viti. Yeye ni mwenyekiti wa kila kamati ya mazishi hapa, na kikohozi chote kilikuwa kimepona.

Nikapitia nyuma, kwa akina mama waliokuwa wakimenya viazi chini ya paa. Mama Chepkoech, yule anayeuza mboga mkabala na saiba yangu, alikuwa amenipa mgongo. Akanisikia nimesimama, akanyoosha kisu bila kugeuka.

"Kaa umenye. Usisimame tu kama mgeni."

Nikakaa. Nikachukua kiazi. "Nani ametuacha?" nikauliza kwa ile sauti ya msibani.

"Si huyu msichana wa saiba."

"Saiba gani?"

"Hii yetu. Aki maisha! Alikuwa na madharau kidogo, lakini mtu mzuri."

Nawaambia ukweli, niliendelea kumenya. Mikono ilikuwa inafanya kazi peke yake. Nilimenya kiazi kizima cha mazishi yangu, nikakitupa kwenye beseni, nikachukua kingine. Kutoka ndani ya chumba changu nikasikia wanawake wakiimba kwa sauti ya chini, na mtu mmoja akilia. Nilipaswa kuinuka saa hiyo hiyo. Sauti ile niliijua.

Lakini hapo ndipo kamati, chini ya hema, ilipoanza kusoma wasifu wangu. Na mwandishi, jamani, akisikia kazi yake inasomwa mbele za watu, miguu huwa haisikii kitu kingine.

Katibu wa kanisa alishika simu akasoma kwa sauti. Alipofika kwa mvua ya mawe, watu wakaguna kwa uchungu. Nikajisikia vizuri. (Ndiyo. Nilijisikia vizuri. Nihukumuni.)

"'Alikuwa mpole, mchangamfu kwa wateja,'" akasoma.

Watu wakatazama viatu vyao.

"Hapo kwa mchangamfu," mtu mmoja akasema, "si tuseme tu alikuwa anafungua mapema?"

"Hiyo ni kweli," akasema Mzee Rono. "Mapema alikuwa anafungua. Weka hiyo."

"'Mshirika mwaminifu wa kanisa.'"

Mchungaji akakohoa. "Tuandike alilijua kanisa."

Alilijua kanisa! Vile mtu anavyoijua barabara ya Bomet! Nikakikata kiazi vipande viwili bila kukusudia. Mama Chepkoech akaniambia nipunguze nguvu, viazi si adui.

"'Leo tunasherehekea maisha ya mwandishi huyu,'" katibu akasoma. Akasita. "Mwandishi?"

"Mwandishi wa nini?" akauliza Mzee Rono.

"Pengine zile barua za kuomba kazi."

"Yangu aliandika, na kazi sikupata," akasema mwingine.

Wakamgeukia mjomba wangu Ochieng', ndugu wa mama, anayefanya kazi kiwanda cha chai. Yeye ndiye alikuwa upande wa familia. "Mjomba, wewe ndiye unamjua. Alikuwa anaandika?"

"Yawa, mimi naskia leo," akasema mjomba. "Najua ni mtu wa fotokopi. Kama kuna kitu aliandika, hatukuonyeshwa."

Hatukuonyeshwa! Mjomba ambaye nilimtumia kila hadithi, na kila mara akanijibu na kidole gumba!

Mzee Rono akapiga meza. "Basi futa mwandishi. Weka mtu wa fotokopi. Hatuwezi kudanganya mbele ya Mungu."

Naomba mnielewe. Mchangamfu wangeondoa, sawa. Kanisa, sawa, mchungaji ana haki yake. Lakini hiyo moja!

Nikasimama. Nikatoka pale nyuma na leso kichwani, kisu mkono huu, kiazi mkono huu, nikaingia chini ya hema. "Hiyo msifute!" nikapiga kelele. "Mimi ni mwandishi! Hadithi ziko hapo chini ya wasifu! Si mfungue!"

Leso ikaanguka.

Sijawahi kuona viti vya plastiki vikikimbia. Katibu alirusha simu, sijui ilienda wapi. Kwaya ilipita juu ya ua wa jirani kwa mstari, sauti ya kwanza mbele. Mchungaji akaikumbatia nguzo ya hema, nguzo ikakubali kwenda naye, na maji yote ya mvua yaliyokuwa yamejikusanya juu yakamwagikia kamati. Mzee Rono peke yake hakukimbia. Alibaki amekaa, amelowa, akinitazama kama mtu aliyeletewa ajenda ambayo haikuwa kwenye orodha.

"Atieno," akasema, "wewe si umekufa?"

"Sijakufa, Mzee. Nilienda kununua wino."

Mlango wa chumba changu ukafunguka, na mama akatoka.

Mama yangu anaishi Chepseon kwenye kashamba kake. Alikuwa miguu mitupu, leso imefungwa kiunoni, macho yamevimba. Akatembea kwenye matope mpaka kwangu, pole pole. Akanishika uso. Akanishika mabega, akanibonyeza mikono yote miwili vile mtu anavyokagua kuku sokoni. Mimi nikaanza kueleza habari ya tovuti, na Wanjiru, na safu, na mwalimu wa Ndanai.

"Nimelia kutoka Chepseon mpaka hapa," mama akanikata. "Njia yote. Watu wakinishikilia. Na kumbe wewe uko hapo nje na kiazi, unapigania cheo."

Hapo ndipo nilipoaibika. Yale ya hema na kwaya ni kicheko tu, hata mimi nitacheka nikizeeka. Lakini nilimsikia akilia na nikabaki pale nikisikiliza sifa zangu, na yeye alijua. Nikaomba msamaha.

Akanipiga kofi moja la mgongoni, la haki kabisa, halafu akanivuta kifuani na kuanza kulia upya, sasa kwa nguvu kuliko mwanzo. Nami nikalia. Mama Chepkoech naye akatokea, akasema, "Kongoi, asante Mungu wetu," na bila kupumua akaongeza, "lakini hiyo madharau upunguze, umeskia vile watu wanasema."

Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wananigusa kwanza kwa kidole. Mzee Rono akakamua kofia yake, akafungua kikao tena.

"Sasa hii chakula imeshaiva, tutarudishia nani? Kamati ya mazishi imevunjwa. Hii sasa ni kamati ya shukrani. Mchungaji, omba tukule."

Wakala! Walinila vizuri sana. Walikula wakinitazama, wengine wakinung'unika kwamba nyama ni kidogo, kama kwamba ningejitahidi kufa kidogo ingeongezwa. Hakuna aliyeniomba niketi meza kuu. Nilipewa sufuria nioshe.

Nikiwa na masizi mpaka kwenye viwiko, mjomba Ochieng' akanijia kando, akachungulia nyuma yake.

"Nyathina, mwanangu, hebu uniandikie yangu," akanong'ona. "Sasa, nikiwa hapa. Nimeona vile hawa watu wanakata mtu. Mimi nikiwaachia, nitabaki na jina tu."

Nikamuuliza niweke nini. Akasema mpole. Nikamwambia hiyo kamati haitapitisha.

Jioni stima ikarudi, simu ikapata moto. Ujumbe wa pole ulimiminika mpaka simu ikakwama. Watu niliosoma nao ambao hawajanisalimia tangu shule walikuwa wameandika kwamba nilikuwa nuru yao. Mmoja aliomba radhi kwa kunichukulia mchumba. (Kumbe ni yeye!) Katikati ya hayo yote Wanjiru akapiga.

"Atis! Uko hai kweli? Ngai, nimelia mpaka nikafunga duka!"

"Niko hai. Watu wameingia kwa tovuti?"

"Wameingia vibaya sana. Sijawahi kuona. Mpaka ikagoma kufunguka."

"Na hadithi? Wamesoma?"

"Hadithi hapana. Wamesoma tu wasifu, wakaweka alama za mishumaa, wakaenda."

"Hata moja?"

"Hata moja, bana. Na hiyo safu nimempa mwalimu, kwa sababu mchana nilidhani wewe haupo. Lakini skiza. Watu wanauliza nani aliandika hiyo tanzia yako, wanataka kama hiyo. Nimekufungulia ukurasa wako. Wa tanzia."

Nikamwambia nitafikiria. Nikamwambia kwanza aniruhusu niutoe ule wasifu na mshumaa wake.

"Ngoja kidogo," akasema. "Acha mpaka Jumatatu. Bado wanaingia."

Nilitupa simu kitandani. Mama, ambaye amekataa kurudi Chepseon leo kwa sababu haniamini, alikuwa amejilaza pale na blanketi mpaka kidevuni. Akaiokota, akaisogeza mbali na macho, akaniuliza hizo hadithi zenyewe nilizogombania ziko wapi. Nikamwonyesha. Akabonyeza kwa kidole chake cha kuchuma chai, mara mbili, kwa nguvu, ile hadithi ya kambini, ya yeye na mimi mgongoni. Mbona siku yote hakuna mwingine aliyeshuka mpaka hapo? Akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, akiuliza kila jina ni la nani.

Huyo ndiye msomaji niliyeletewa na ule wasifu. Mmoja. Amefika aya ya pili na sasa anakoroma, simu iko kifuani. Tafadhali msicheke. Mtamwamsha, na bado hajafika pazuri.